Rupia za Mjerumani na faranga za Leopold: tuanze na mizani au na maandishi?

Kijana wa Kadutu (Bukavu)
Jambo wote. Marehemu babu alituachia sarafu nne za fedha: mbili kubwa zenye kichwa cha mfalme mwenye ndevu, mbili za wastani zenye mtu wa kofia ya chuma. Kuna mnunuzi anataka zote kwa bei ya kuyeyusha. Nipime kwanza au nisome kwanza?

Mama Neema (Goma)
Usiuze, mwanangu! Anza na mizani ya wauza dhahabu, hapo kwenu haikosekani. Hizo za kofia ni rupia za Mjerumani, alipotawala Afrika Mashariki: gramu 11.66, yaani tola moja kamili (kipimo cha uzito cha Kihindi). Ikipungua sana na haijachakaa, itilie shaka. Sumaku haitoshi, haivuti shaba wala risasi.

Mzee Ruzizi
Kwa rupia nakubali, mama. Kwa zile kubwa mizani haisaidii kitu. Faranga 5 za Ubelgiji na faranga 5 za État Indépendant du Congo (Kongo ya Leopold, kabla ya kuwa koloni la Ubelgiji) ni mapacha: gramu 25, milimita 37, fedha 900 kwa 1000, Leopold II yuleyule. Geuza upande wa ngao. «L'UNION FAIT LA FORCE» ni ya Ubelgiji, nazo ni nyingi. «TRAVAIL ET PROGRÈS» ni ya kwetu, kati ya 1887 na 1896, na ni adimu kweli. Hapo ndipo wengi wanapunjwa.

Rupia nazo ni aina mbili. Yenye simba na mtende ni ya kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, 1890 hadi 1902, rupia moja ilipogawanywa kwa pesa 64. Tangu 1904 ni ya serikali, rupia moja kwa heller 100, imeandikwa «DEUTSCH OSTAFRIKA», na ina herufi ndogo ya mji ilikopigwa: A ni Berlin, J ni Hamburg.

Kijana wa Kadutu
Aksanti sana, mzee. Kubwa moja ni ya Ubelgiji, nyingine TRAVAIL ET PROGRÈS 1894! Rupia: simba 1892, na 1911 J. Uzito uko sawa zote mbili.

Fundi wa Birere
Na faranga 50 ya Kongo ya Mbelgiji yenye tembo, 1944?

Mzee Ruzizi
Gramu 17.5, ila fedha ni nusu tu, 500 kwa 1000. Itunze, lakini usiilinganishe na ile ya 1894.

Mama Neema
Kijana, usizisugue kwa majivu wala limau, na fundi asiziguse na asidi. Ikishakwanguliwa, mkusanyaji hailipii tena.

Kijana wa Kadutu
Nimemjibu mnunuzi: haziuzwi.