Wakuu, dawa za presha na sukari za bi mkubwa zinanimaliza. Wapi bei nafuu? (Tanga mjini)

Baiskeli ya Mkopo: Habari za majukumu wakuu. Nipo Ngamiani. Nina bi mkubwa wa miaka 67, ana presha na sukari. Dawa ni metformin, losartan na nifedipine. Kila mwezi inakaribia 50,000 na mwezi huu nimekwama kabisa. Naomba anayejua duka lenye bei ya kueleweka hapa mjini anielekeze. Msinitume hospitali, huko nimeshapita.

Dodo la Muheza: Ngoja wajuzi waje. Nimekaa pale na kahawa yangu.

Mama Ubani: Mwanangu, chumvi umempunguzia? Wali wa nazi kila siku halafu mnalaumu bei ya dawa.

Kuli Mstaafu: Sisi mzee wetu tulikuwa tunamfuatia dawa Mombasa. Unavuka Horohoro asubuhi, Lungalunga unapanda matatu. Nilipopiga hesabu nikakuta nauli imekula faida yote, bado mahamri. Ila mahamri ya kule, jamani!

Baiskeli ya Mkopo: Asante mkuu, ila mimi nimeuliza dawa.

Dirisha Namba 3: Nipo famasi mwaka wa tisa. Unapofika dukani unataja nini? Losartan ndiyo dawa yenyewe. Lile jina kubwa la rangi juu ya boksi ni la kiwanda. Ukiomba Cozaar unalipia na jina. Geuza boksi usome maandishi madogo: kama ni losartan, miligramu ni zile zile na imesajiliwa na TMDA (mamlaka ya dawa), mpe mgonjwa bila wasiwasi. Mwambie muuzaji akupe ya bei ya chini, na daktari aandike jina la dawa, si la kiwanda. Swali: anameza zote kama alivyoandikiwa?

Baiskeli ya Mkopo: Anameza.

Dirisha Namba 3: Zote?

Baiskeli ya Mkopo: Nazikata nusu kwa wembe ili zifike mwisho wa mwezi. Nusu si bora kuliko kukosa?

Dirisha Namba 3: Nifedipine yake imeandikwa "retard"? Hiyo haikatwi! Imetengenezwa iachie dawa kidogokidogo. Ukiikata inamwagika mwilini kwa mpigo, presha inashuka ghafla, mtu anaanguka chooni. Acha kukata leo, na mpeleke akapimwe.

Baiskeli ya Mkopo: Juzi alilalamika kizunguzungu, nikajua ni joto.

Mama Ubani: Yarabi.

Kahawa Chungu: Samahani mkuu, una ajira?

Baiskeli ya Mkopo: Nipo halmashauri.

Kahawa Chungu: Basi una NHIF, bima ya afya ya taifa. Mwenza na wategemezi wanne, wazazi wamo. Bi mkubwa kwa nini hayumo?

Baiskeli ya Mkopo: Bima ina changamoto zake. Tuendelee na maduka.

Mzee wa Kufukua: Wakuu msipoteze bando. Nimefukua. Mwaka juzi huyu huyu alileta uzi humu, "Mama ametangulia, asanteni kwa rambirambi". Mimi mwenyewe nilimpa pole. Leo kafufuka na sukari juu. Hii ni CHAI.

Dodo la Muheza: Hahaha! Leteni vitumbua.

Kuli Mstaafu: Na mimi nilitoa pole. Nirudishiwe.

Baiskeli ya Mkopo: Si chai. Huyu ni mama mdogo, mdogo wake marehemu. Alinilea toka nina miaka minne, sijui kumwita vingine. Kumwandikisha haiwezekani, bima inataka mzazi. Kadi ya marehemu sikuirudisha. Wanafanana sana, nikawa naenda nayo. Mara tano hakuna aliyeuliza. Mwezi uliopita dada wa dirishani akaishika kadi, akamtazama mama, akaitazama tena. Akaita jina la marehemu mara mbili. Mama mdogo kanyamaza. Nikasema masikio yake yana shida. Dada akatupatia dawa, ila tangu siku hiyo naogopa, ndiyo nanunua taslimu.

Kahawa Chungu: Hilo ni kosa la jinai, ndugu yangu.

Baiskeli ya Mkopo: Nakatwa asilimia 3 kila mwezi na mwajiri anaweka 3. Nimemwibia nani? Nilikuwa nafikiria hospitali nyingine ambako hawatujui.

Mama Ubani: Marehemu muacheni apumzike.

Dirisha Namba 3: Jinai waachie wenye jinai. Mimi naona balaa lingine: faili la hospitali lina jina la marehemu. Vipimo vyote vya mgonjwa vipo kwa mtu aliyezikwa. Siku akiletwa hajitambui, watasoma faili la nani? Ana kitambulisho cha NIDA?

Baiskeli ya Mkopo: Anacho.

Dirisha Namba 3: Ana 67. Wazee wa 60 na kuendelea wasiojiweza wana msamaha wa matibabu. Nenda serikali ya mtaa wakuandikie barua, kisha ustawi wa jamii, kituo cha afya cha karibu, kwa jina lake mwenyewe. Kadi irudishe.

Kuli Mstaafu: Msamaha upo, ila dirishani utaambiwa "hii haipo, kanunue nje". Nimepitia.

Dirisha Namba 3: Kweli, hutokea. Lakini akinunua moja nje badala ya tatu si nafuu?

Mzee wa Kufukua: Mimi bado sijaamini. Habari ya masikio imekaa kama tamthilia.

Baiskeli ya Mkopo: Mrejesho. Presha kapimwa zahanati, 170 kwa 100, kabadilishiwa dozi na vile vipande vya dawa nilivyokata nimevitupa. Serikali ya mtaa nimekwenda, mwenyekiti yuko msibani, nirudi Alhamisi. Kadi bado iko kabatini. Jana usiku nilimsomea mama mdogo uzi huu wote. Akacheka pale pa mahamri. Nikamuuliza siku ile dirishani hukusikia? Akasema alisikia vizuri tu, ila dada yake akiitwa, aitike yeye?

Dodo la Muheza: Dah.