Predator ya Blu-ray: yenye chenga na ya laini, ipi ndiyo picha nzuri?

Kijana wa Ngarenaro:
Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie kumaliza ubishi. Nimenunua deki ya Blu-ray iliyotumika pamoja na diski kadhaa, mojawapo Predator ya Arnold, ile ya 1987. Kwenye TV yangu ya inchi 50 picha ina chenga zinazotembea, hasa angani na kwenye majani yenye giza. Rafiki yangu ana Predator hiyo hiyo, kava tofauti, na yake ni laini kabisa. Anasema yangu ni feki, imerekodiwa kutoka kwenye mkanda wa VHS. Nimeigeuza diski huku na huku, sioni dalili ya ufeki. Filamu ya zamani namna hii mnapimaje ubora wa picha yake? Nawasilisha.

Mpita Njia:
Mkuu, HD maana yake picha safi. Ikiwa na chenga si HD, hata kava liandikwe nini. Mwombe rafiki yako mbadilishane.

Opareta Mstaafu:
Kijana wangu, usithubutu kubadilishana. Yako ndiyo nzuri kati ya hizo mbili.

Nilikuwa opareta wa sinema hapa Tanga, rili za milimita 35 zimepita mikononi mwangu tangu nikiwa kijana, na jambo hili linaniuma kila nikiona diski iliyoharibiwa ikisifiwa. Unachokiona si chenga za antena. Ni punje za filamu yenyewe. Mkanda wa filamu una tabaka la jelatini lenye chembe za fedha zinazoshika mwanga. Ukishaoshwa maabara, chembe hizo, au vidoa vya rangi vinavyobaki mahali pake kama filamu ni ya rangi, ndizo zinazounda picha. Uso wa Arnold haujafichwa nyuma ya punje, umejengwa kwa punje. Ukizifuta umefuta na vinyweleo vyake.

Predator ilipigwa msituni Mexico, chini ya miti iliyofunga. Kwenye mwanga hafifu unahitaji filamu nyepesi kushika mwanga, na hiyo huwa na chembe kubwa zaidi. Kwa hiyo punje zile ni za haki, zilikuwamo tangu siku kamera ilipozungushwa.

Kwa maelezo yako, wewe una toleo la 2008 na rafiki yako ana la 2010, lililoitwa Ultimate Hunter Edition. Hilo la 2010 walilipitisha kwenye programu ya kuondoa punje, wakalipitisha kupita kiasi. Wekeni pale mwanzoni Arnold na Carl Weathers wanaposalimiana kwa kushikana mikono kibabe, misuli imetuna, jasho linang'aa. Simamisha hapo, diski moja kisha nyingine. Kwenye yako utaona jasho liko juu ya ngozi na ngozi ina vitundu. Kwenye ya mwenzako uso umelainika kama sabuni iliyokwisha tumika: umbo lipo, maandishi hayapo.

Ila nisiisifie yako kuliko inavyostahili. Ile ya 2008 iliwekwa kwenye diski ya GB 25 na kubanwa kwa MPEG-2, mfumo ule ule wa DVD, kwa hiyo kwenye moshi na milipuko picha huvunjika. Ujue kutofautisha. Punje ya filamu imetawanyika ovyo, na kila fremu, yaani kila picha moja ya mkanda, ina punje zake. Kasoro ya kubana data huja kwa vijumba vya mraba vilivyopangana mstari. Ukiona vijumba, hapo lalamika. Mwaka 2018 ilitoka ya 4K, yaani diski yenye picha ya kina zaidi ya Blu-ray ya kawaida, ambayo punje zimerudi, na rangi zake ni bora kuliko zote mbili. Lakini hiyo inataka deki yake.

Mimi diski ya filamu ya zamani naanzia kwenye nywele na nguo. Shati la pamba lionekane limefumwa. Halafu naangalia mtu aliyesimama mbele ya anga: akizungukwa na mstari mweupe mwembamba, wameongeza ukali wa picha kwa kompyuta. Halafu naangalia kona ya juu kulia karibu na mwisho wa kila rili, dakika ya 18 au 20 hivi. Ukiona kidoa cha duara kikimulika, kisha kingine baada ya sekunde saba hivi, zile ni alama zetu maopareta: ya kwanza unawasha mashine ya pili, ya pili unahamisha picha. Zikionekana kwenye diski, mara nyingi ina maana hawakuskani negativu ya kamera, yaani mkanda wenyewe uliopigwa, walichukua kopi. Na kila kopi ya kopi hupoteza kitu.

Wala filamu zote hazipimwi kwa kipimo kimoja. The Good, the Bad and the Ugly ya 1966, ya mwongozaji Sergio Leone, ilipigwa kwa mfumo wa Techniscope. Fremu yake inachukua matundu mawili ya pembeni mwa mkanda badala ya manne, ili kuokoa mkanda, basi fremu ni ndogo na punje lazima ziwe nene. Lawrence of Arabia ya 1962, ya David Lean, ilipigwa kwenye milimita 65, fremu kubwa mno, na punje huzioni kwa urahisi. Ya Leone ikija laini kama ya Lean, kuna mtu kaifanyia kitu.

Na hizo programu hazina akili. Blu-ray ya kwanza ya Gladiator, 2009, kwenye vita vya mwanzo kuna mishale ya moto iliyopotea hewani kwa sababu kompyuta iliihesabu kuwa ni uchafu. Walilazimika kutoa toleo jingine mwaka uliofuata.

Kijana wa Ngarenaro:
Shikamoo mzee. Tumesimamisha pale pale kwenye mikono, mimi na jamaa, diski zote mbili. Amekubali, hana la kusema. Swali limebaki moja: kwenye TV yangu punje zinaonekana kama zinachemka, na watu wakitembea wanateleza, si mwendo wa sinema niliouzoea. Hilo nalo ni la filamu?

Binti wa Mkunazini, Muscat:
Naomba niongezee, kabla mzee hajajibu. Punje zisiwafanye msahau rangi. The French Connection ya 1971 ilitoka Blu-ray 2009 ikiwa imebadilishwa rangi na mwongozaji mwenyewe, William Friedkin, na Owen Roizman aliyeipiga picha akaikataa hadharani. Punje zilikuwapo tele, lakini New York ile haikuwa ya Roizman. Mwaka 2012 likatoka toleo jingine, lililofanywa na wote wawili. Kwa hiyo mimi huuliza pia ni nani aliyeidhinisha rangi.

Pia tuwe na huruma na filamu zilizopata ajali. Pather Panchali ya mwongozaji wa India Satyajit Ray, 1955, negativu yake iliungua kwenye moto wa maabara London mwaka 1993. Mafundi wa Bologna wameiokoa kwa kurekebisha vipande vilivyosalimika, na palipokosekana wakajazia kutoka kopi nyingine. Kwenye Blu-ray, kuna mahali picha inafifia ghafla kisha inarudi. Huko ndiko negativu iliisha, na mimi naona ni heri hivyo kuliko kuipaka rangi ya uongo.

Opareta Mstaafu:
Marhaba mwanangu. Hilo ni la TV, filamu haihusiki. TV hutoka kiwandani imewekwa kwa ajili ya kung'aa dukani. Fungua menyu ya picha, toka kwenye Vivid au Dynamic, nenda Movie au Cinema. Ile Sharpness ishushe, kwenye TV nyingi sifuri au karibu na sifuri ndipo picha inapokuwa haijaguswa. Ikiwa juu inazichonga punje, ndiyo maana unaziona zinachemka. Noise Reduction zima. Halafu tafuta kipengele cha kulainisha mwendo, kila kampuni ina jina lake: Motionflow, TruMotion, Auto Motion Plus. Zima kabisa. Filamu ni fremu 24 kwa sekunde, TV inabuni fremu ambazo hazikupigwa na kuzichomeka katikati, ndipo watu wanapoteleza. Kama ulizoea DVD za mfumo wa PAL, zile zilikimbizwa kwa fremu 25, hata sauti ya Arnold ilipanda kidogo. Usishangae ukiisikia sasa ni nzito.

Dada wa Muscat, umenena. Na kwa ile ya Ray, mtu akiziba vile vipande vilivyofifia kwa kompyuta ili vifanane na vingine, diski yake sitainunua.

Kijana, kaa mita mbili hivi kutoka kwenye TV, usiku, taa ya sebuleni imezimwa. Anza na Predator yako upya, uniambie anga la mwanzoni linaonekanaje. Na usiuze ile diski hata ukipata ya 4K.