Got Alila, Februari 1990: tupeane tunachokijua, kila mtu na kipande chake

JaladaLaZamani
Kila Februari ikifika, ile hadithi ya "Ouko alijiua" hufufuka, na wanaoisema wengi wao hawajafungua hata karatasi moja. Tuweke mambo mezani. Kama unajua maiti, sema maiti. Kama ni moto, bunduki, mahakama au karatasi za bunge, sema hilo unalolijua. "Nasikia" iacheni nje.

Kiunzi ni hiki. Dkt. Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya, alitoweka nyumbani kwake shambani Koru usiku wa kuamkia tarehe 13 Februari 1990. Siku hiyo hiyo, kama saa saba mchana, kijana mchungaji aliuona mwili chini ya kilima cha Got Alila, kilomita 2.8 kutoka nyumbani. Serikali ikatangaza kuwa mwili umepatikana tarehe 16. Risasi moja kichwani, mguu wa kulia umevunjika mahali pawili, mwili umeungua kiasi, na pembeni bastola, jerikani ya dizeli na kiberiti. Mwanapatholojia mkuu wa serikali (daktari wa kuchunguza maiti), Jason Kaviti, akaegemea kujiua. Dkt. Iain West wa Guy's Hospital, London, aliyekuja na timu ya John Troon wa Scotland Yard, polisi wa London, akasema ni mauaji.

Haya, uwanja ni wenu.

NyukiWaMuhoroni
Hizo siku tatu, 13 hadi 16, ndiyo kesi yenyewe. Mengine ni mapambo.

MpimaRisasi
Wengi huanza na swali "nani alimuua". Hilo ni la mwisho. La kwanza ni mpangilio: mguu, risasi, moto, kipi kilitangulia? Ili kujiua kusimame, mtu lazima atembee usiku karibu kilomita tatu na jerikani mkononi, avunjike mguu mahali pawili, ajimwagie dizeli, ajiwashe, kisha ajipige risasi. Au ajipige kwanza, halafu moto ujiwashe wenyewe. Kila hatua unaweza kuitetea ukiitenga na zenzake. Ziweke pamoja, kisha jaribu.

Mpangilio huu hupimwa hivi:

Moto. Mpasuaji hufungua koo la hewa kutoka kwenye zoloto kushuka hadi mapafuni. Masizi yakiwa chini ya nyuzi za sauti, mtu alikuwa anapumua moto ulipowaka. Pakiwa safi kabisa, kuna uwezekano mkubwa moto ulimkuta maiti. Damu nayo hupimwa kaboni monoksidi: waliofia ndani ya nyumba inayoungua mara nyingi huvuka asilimia 50 ya hemoglobini iliyoshikwa, na chini ya 10 haikuonyeshi mtu aliyevuta moshi.

Mguu. Mfupa ukiungua hupasuka wenyewe kwa joto, lakini hupasuka pale nyama ilipokwisha kuliwa na moto, na mfupa wenyewe huwa umegeuka mweusi au mweupe kama chokaa. Mfupa uliovunjika ndani ya nyama ambayo haijaungua haukuvunjwa na moto. Hapo unatafuta damu iliyovujia kwenye misuli kuzunguka mvunjiko. Ikiwepo, moyo ulikuwa bado unapiga.

Risasi. Mdomo wa bunduki ukigusa ngozi ya kichwa, gesi huingia chini ya ngozi na kuichana kama nyota, na masizi hubaki kwenye mfupa wenyewe. Moto unaweza kula ngozi, mfupa ukabaki kusema. Tundu la kuingilia hupanuka upande wa ndani wa fuvu, la kutokea hupanuka upande wa nje. Hilo hata moto hauli kirahisi.

KakaTaifa
Mzee, usiwafiche wasomaji kitu kimoja. Moto wa nje, kwenye upepo, na mafuta yakiwa yamemwagwa mwilini, unaweza kumuua mtu haraka sana na damu yake isionyeshe kaboni monoksidi ya kutosha. Na kujiua kwa njia mbili kwa pamoja kupo katika fani yenu. Watu hujimwagia mafuta na kujipiga risasi.

MpimaRisasi
Kupo, sikatai. Ndiyo maana nimetaja masizi kwanza, damu baadaye. Lakini katika njia mbili, mtu huzipanga ziwe zinafanya kazi pamoja, moja ikishindwa nyingine imalizie. Huo mguu unamalizia nini?

KakaTaifa
Alianguka gizani. Kilima kile kina mawe.

NyukiWaMuhoroni
Akaanguka, akavunjika mahali pawili, akaendelea na ratiba. Sawa kaka.

FundiPampu
Niongezee la dizeli, maana watu huzungumza kama ni petroli. Si kitu kimoja. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi; karibia na njiti tu, inakurukia. Dizeli sharti ipashwe joto kupita nyuzi 50 na kitu za Selsiasi ndipo mvuke wake uwake. Dondosha njiti kwenye dimbwi la dizeli iliyopoa, njiti inazima.

Inawaka vipi basi mwilini? Kwa kitambaa. Nguo ikilowa hugeuka utambi wa taa ya kibatari: uzi unapashwa, mafuta yanapanda, moto unajilisha. Kuwasha kunachukua muda, lazima ushikilie moto kwenye pindo mpaka ushike. Mtu wa kujiwasha kwa haraka angechagua petroli. Anayechoma ushahidi bila kutaka mlipuko umrukie usoni, dizeli inamfaa zaidi. Sisemi hilo linathibitisha. Nasema mafuta yale yana tabia, na tabia hiyo haikuzungumziwa vya kutosha.

Mtanganyika
Wakuu, huku kwetu wazee wanamkumbuka Ouko tangu siku za Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha. Swali: alama za baruti mkononi hazikupimwa?

MpimaRisasi
Mkuu, baruti mkononi hukaa saa chache kwa mtu hai anayetembea na kunawa, kwa maiti iliyotulia zaidi kidogo. Kwa mkono uliopitiwa na moto, kisha siku tatu za jua la Februari, inzi, na askari wanaopita huku na huku, matokeo ya "hakuna" hayana maana, na ya "ipo" yanahitaji maelezo marefu. Tena inzi wenyewe ni saa: hutaga ndani ya saa chache, na joto lile mabuu huonekana ndani ya siku moja. Picha nzuri za tarehe 13 zingetueleza mengi kuliko zote za tarehe 16.

WakiliWaPembeni
Na hapo ndipo sheria inaingia. Eneo la tukio lisilozungushiwa kamba halina mnyororo wa vielelezo. Bastola iliokotwa na nani, ikawekwa kwenye mfuko gani, ikasainiwa na nani, ikalala wapi, ikafunguliwa lini maabara? Kiungo kimoja kikikosekana, wakili wa utetezi anakula hapo hapo.

BintiKoru
Kweli tupu.

Ajuaye
Mnazunguka tu. Mnasahau kwamba huyo huyo mwanapatholojia mkuu ndiye wa Maasai Mara! 1988, Julie Ward, Mwingereza wa miaka 28. Gari limekwama korongoni, msichana hayupo, baba yake anakuja kutoka Uingereza, anakodi ndege, na tarehe 13 Septemba wanaokota kipande cha mguu wa kushoto na kipande cha taya karibu na majivu. Jibu la wakubwa: kaliwa na wanyama. Daktari aliyefanya uchunguzi aliandika kwamba mguu ulikatwa kwa kitu chenye makali. Ripoti ikapita mezani kwa Kaviti, na maneno ya kukatwa yakabadilishwa yasomeke kama ya kuraruka. Yule baba hakuondoka. Mahakama ya uchunguzi wa kifo mwaka 1989 ikaamua kuna mkono wa mtu.

BintiKoru
Wee! Maneno yakabadilishwa kwa kalamu?

Ajuaye
Yalibadilishwa, na mwenyewe alihojiwa juu yake kizimbani. Na tofauti hiyo si ya macho tu. Kisu au panga huacha uso wa mfupa ulio laini, wenye mikwaruzo inayolala upande mmoja. Fisi hutafuna ncha za mfupa mpaka ziwe kama zimechotwa kwa kijiko, huacha vishimo vya meno, na kingo zake huwa za kuparurika. Daktari wa mwaka wa kwanza hawezi kuchanganya. Na wanyama hawawashi moto!

Mtanganyika
Hiyo ya mwisho nimeipenda bure.

NyukiWaMuhoroni
Walishtakiwa askari wawili wa wanyamapori, wakaachiliwa 1992. Akashtakiwa mkuu wao, akaachiliwa 1999. Yaani wanyama hawakumla, na watu hawakumuua. Malizieni wenyewe.

KakaTaifa
Sasa uzi umekuwa wa Mara. Ripoti moja kubadilishwa haimaanishi nyingine ni ya uongo.

WakiliWaPembeni
Haimaanishi, ni kweli. Ila mahakamani rekodi ya mtaalamu huletwa kupima uzito wa kauli yake. Aliyewahi kubadili neno "kukatwa" anasomwa kwa miwani miwili.

JaladaLaZamani
Turudi Koru. Mara itafunguliwa uzi wake.

Ajuaye
Sawa mzee. Basi semeni na wahusika: Biwott na Oyugi.

WakiliWaPembeni
Taratibu ndugu. Andika hivi: Troon aliwataja Nicholas Biwott, waziri, na Hezekiah Oyugi, katibu mkuu wa usalama wa ndani, kama watu wa kuchunguzwa zaidi. Novemba 1991 walikamatwa, wakaachiliwa kama wiki mbili baadaye kwa kukosa ushahidi. Oyugi alifariki 1992. Biwott hakushtakiwa hadi kifo chake 2017, na akiwa hai aliwashtaki waandishi waliomhusisha na mauaji hayo, akalipwa fidia ya mamilioni ya shilingi. Aliyeshtakiwa ni Jonah Anguka, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Nakuru. Kesi ya kwanza ilivurugika jaji alipofariki, ya pili ikamwachilia mwaka 1994. Kisheria, basi, hakuna muuaji.

Ajuaye
Kisheria. Haya.

JaladaLaZamani
Tume ya Jaji Evans Gicheru, ya kuchunguza kifo hicho, nayo isisahaulike. Iliundwa Oktoba 1990, ikavunjwa na Rais Moi Novemba 1991 kabla haijatoa ripoti. Ikumbukwe Kaviti alishikilia kujiua mbele ya tume hiyo hiyo, wakati ripoti ya Troon ilikuwa imeshaandikwa.

KakaTaifa
Troon mwenyewe msimfanye malaika. Nadharia yake ya kiwanda cha molasi cha Kisumu, kwamba Ouko aliuawa kwa sababu ya mzozo juu ya mradi huo, aliijenga kwa sehemu kubwa juu ya maelezo ya wakurugenzi wa kampuni ya ushauri ya nje waliokuwa na madai yao ya pesa kwa serikali. Mtu anayedai pesa ni shahidi wa namna gani?

MpimaRisasi
Hapo nakuunga mkono. Sababu ya kuuawa ndiyo sehemu dhaifu ya ripoti ile. Namna ya kuuawa ndiyo sehemu imara. Wanaoibeza yote kwa sababu ya molasi wanachanganya vitu viwili.

Mtanganyika
Na ile safari ya Washington, wiki chache tu kabla? Inasemwa Rais Bush wa Marekani alimchangamkia Ouko kuliko bosi wake, Moi.

JaladaLaZamani
Safari ilikuwepo, ujumbe wa Moi ulirudi mapema Februari. Ya kuchangamkiwa, anayeileta alete kumbukumbu ya mkutano: tarehe, saa, chumba, nani alikuwepo. Isipokuwa hivyo ni porojo za matatu.

BintiKoru
Mashahidi zaidi ya mia walikufa. Hiyo nayo bahati mbaya?

MpimaRisasi
Dada, idadi hiyo hurudiwa kila mahali bila orodha. Orodha ya mashahidi wa kesi yoyote, ukiifuatilia miaka 15, itakuwa na vifo. Fanya hivi: jina, tarehe ya kifo, umri, sababu iliyoandikwa, na alikuwa akisubiri kutoa ushahidi gani. Watakaobaki baada ya kuwaondoa wazee na wagonjwa wa muda mrefu ndio wa kuzungumziwa.

NyukiWaMuhoroni
Halafu kuna kamati ya bunge chini ya Gor Sungu, kuanzia 2003. Yao inasema aliuawa Ikulu ya Nakuru, mwili ukarudishwa. Bunge likaikataa ripoti hiyo Desemba 2010.

MpimaRisasi
Na uchunguzi wa awali ulisema aliuawa karibu na alipopatikana. Haziwezi kuwa kweli zote mbili. Kupima: damu iliyozama udongoni, vipande vya fuvu, risasi yenyewe iko wapi, udongo chini ya mwili umeungua au la. Mwili ulioletwa haujimwagii damu upya.

BintiKoru
Mtu akitaka kusoma, aanzie wapi?

JaladaLaZamani
Hansard, kumbukumbu rasmi za bunge, ya Desemba 2010. Utaona nani alikataa nini.

WakiliWaPembeni
Usianze na Hansard, utasoma siasa. Anza na hukumu ya Anguka ya 1994, kwa sababu pale kila ushahidi ulipigwa maswali. Kisha Troon. Hansard iwe ya mwisho. Na jalada la serikali unaloliona limefichwa, liombe kwa maandishi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016: taja hati kwa jina na mwaka, usiseme "kila kitu kuhusu Ouko". Wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 21.

Ajuaye
Siku 21 za kalenda ipi, wakili?

WakiliWaPembeni
Ya ofisi. Lakini kimya nacho kina pa kupelekwa: Tume ya Utekelezaji wa Haki. Weka nakala yenye muhuri wa kupokewa.

KakaTaifa
Jerikani ilikuwa na lita ngapi?

FundiPampu
Lita hazina uzito unaoudhani. Nguo nzito zikilowa lita mbili tatu zinatosha kuunguza mwili juu juu kama ule. Kufikia majivu kungehitaji mafuta mengi sana na mtu wa kuchochea. Uliza kitu kingine: nani alipima yaliyobaki ndani, na kifuniko kilikuwa kimefungwa au wazi? Mtu anayewaka moto hafungi kifuniko.

JaladaLaZamani
Mwenye orodha ya vielelezo vya tume aiweke hapa. Kurasa za jerikani tu zinatosha kwa sasa.