Ukaguzi wa SQL wa Rust mnaousifu unakagua laptopu yangu, si seva!

Wakuu, nimechoka. Naandika nikiwa Lamu, umeme umerudi sasa hivi, mkiniona mkali mnivumilie.

Kila mjadala wa Rust, lugha ya kuandikia programu, ninaoufungua hakosi mtu wa kutamba: "ikikompaili, inafanya kazi," yaani kodi ikikubali kujengwa, haina kasoro. Kwa mambo ya memori sibishi. Lakini mkiibeba kauli hiyo mpaka kwenye hifadhidata, mnawadanganya watu mchana kweupe.

Tuna mfumo wa tiketi za boti, Mokowe kuja Lamu. Rust, hifadhidata ya Postgres, na sqlx, maktaba ya Rust ya kuongea na hifadhidata kwa SQL, lugha ya kuulizia data. Makro yake ya query! (amri inayofanya kazi kodi ikijengwa) inachukua SQL yako wakati wa kukompaili, inaipeleka kwenye databesi uliyoitaja katika DATABASE_URL, na databesi inajibu safu zipi zipo na ni za aina gani. Ukikosea jina la safu, kodi haijengeki. Safi kabisa. Sasa niambieni, databesi hiyo ni ya nani? Ni ya laptopu yangu! Seva ya mteja haikuulizwa chochote.

Jamaa mmoja wa upande wa mteja akaingia kwenye seva, akabadilisha jina la safu ya nauli kwa mkono wake, ikawa nauli_mtu. Hakumwambia yeyote. Sisi huku tumejenga toleo jipya, hata onyo moja hakuna. Asubuhi basi la Mombasa limeshusha abiria Mokowe, mizigo imejaa jetini, manahodha wanaita watu, mkata tiketi anabonyeza, skrini inamjibu kuwa safu ya nauli haipo. Watu wakaandikiwa tiketi kwa kalamu. Aliyepigiwa simu na kutukanwa ni mimi, si yule jamaa.

Na msiniletee habari ya migrate!, makro ya sqlx ya kupitisha faili za mabadiliko ya databesi. Hiyo inaangalia jedwali lake la _sqlx_migrations tu: faili zipi zimeshapita, na kama zimeguswa. Mtu akija na ALTER TABLE (amri ya kubadilisha jedwali) yake ya mkononi, haioni kitu.

Linaloniudhi zaidi ni hili. Makro inataka SQL iandikwe nzima ndani ya kodi. Kwa hiyo hoja nyepesi (maswali kwa databesi), za "nipe tiketi namba fulani", zinakaguliwa mpaka nukta ya mwisho. Lakini skrini ya kutafuta safari, ambapo karani anaweza kujaza tarehe, au boti, au nahodha, au vyote, inabidi SQL yake ijengwe kipande kipande. Unahamia QueryBuilder, zana ya sqlx ya kuunga SQL programu ikiendeshwa, na huko hakuna wa kukukagulia. Yaani mlinzi anakesha sebuleni, mlango wa uani uko wazi.

Halafu COUNT(*), ya kuhesabu mistari. Hairudishi NULL (pasipo na thamani) kamwe, jedwali likiwa tupu inarudisha 0. Ila kwenye Postgres sqlx inadhani NULL inawezekana, inakupa Option<i64> mpaka uandike AS "idadi!", na hiyo alama ya mshangao humo humo. LEFT JOIN, ya kuunganisha majedwali, ambayo kweli huleta NULL, kuna wakati inakisia kuwa haileti, na hitilafu inamtokea mteja wakati programu inaendeshwa. Na SUM, ya kujumlisha, je? Nauli ni bigint (namba nzima), jumla inarudi NUMERIC (desimali), na Rust haina desimali kwenye maktaba yake ya msingi. Ukawashe bigdecimal au rust_decimal kwa ajili ya shilingi zisizo hata na senti!

NYONGEZA: Mliosema "hamia Diesel", maktaba nyingine ya hifadhidata, nayo inakagua kodi yako dhidi ya schema.rs, faili lililokaa kwenye mradi wako mwenyewe. Seva ikibadilishwa usiku, itajuaje? Na aliyesema SQLX_OFFLINE (kujenga bila kuunganishwa na databesi), ahsante kaka, naitumia, umeme wa huku unanilazimisha. Lakini cargo sqlx prepare inahifadhi kwenye folda ya .sqlx majibu yale yale ya laptopu, sasa yamegandishwa.

Ninachotaka ni programu ikiwaka isome information_schema (orodha ya majedwali na safu) ya seva yenyewe, ilinganishe na kile ilichokompailiwa nacho, na ikikuta tofauti ikatae kuwaka pale pale, tunapoiweka, si kungoja abiria wapange foleni. Mwenye kreti (maktaba ya Rust) ya kazi hiyo aiweke hapa. Wa "soma doki" wapite kimya, nimezisoma.