Naombeni ushauri: baiskeli ya kwanza ya shokapu mbele na nyuma, nina milioni mbili

kijana_njiro

Wakuu salama? Nipo Arusha, upande wa Njiro, na nina swali kwa wale wanaojua baiskeli za mlima, sio za kwendea dukani.

Mwaka wa tatu huu natumia baiskeli ya shokapu ya mbele tu, tairi 26, gia 21, nimeipenda sana ila sasa mgongo umeanza kulalamika. Jumamosi tuko watu watano sita, tunapandisha na Ilboru mpaka juu kule karibu na msitu wa Meru halafu tunashuka kwa vile vinjia vya kwenye migomba na kahawa, mizizi, mawe, mifereji iliyochimbwa na mvua, mwenye shokapu mbele na nyuma anapita kama anateleza mimi nyuma huku nagongwa kama gunia kwenye lori la mchanga. Kilo zangu 84. Bajeti ni milioni mbili, nikijibana sana 2.3 na wife asijue.

Nimeona tatu mpaka sasa:

Ya kwanza mpya kabisa ya dukani, laki sita na nusu, springi kubwa nyekundu katikati, breki za diski, inang'aa mno.

Ya pili Giant Trance X used ya tairi 26, ya mzungu anamaliza mkataba anarudi kwao, anataka 1.7.

Ya tatu Cannondale, hii imenichanganya, shokapu ya mbele ina MGUU MMOJA tu upande wa kushoto, tairi limening'inia hivi. Jamaa anataka 2.1 na anasema hapunguzi.

Mngekuwa nyie mngechukua ipi? Au nitafute nyingine?

dada_kanyagio

Hiyo ya laki sita na nusu ipite tu kaka yangu, wala usirudi kuiangalia maana itakushawishi.

Nilinunua dada yake Dar miaka ya nyuma, duka silitaji. Ile springi nyekundu ni springi tupu, ndani hamna oili ya kuizuia isirudi kwa fujo, kwa hiyo ukipiga jiwe inakurusha halafu inaendelea kudunda yenyewe kama kitanda cha gesti. Ukipanda mlima ndio balaa, kila ukikanyaga nusu ya nguvu inaishia kwenye springi. Na ile baiskeli nzito jamani, chuma kitupu. Wiki ya tatu tundu la bolti pale fremu inapokunjikia likawa yai, fundi akaweka kipande cha kopo la soda, tukacheka, nikaiuza kwa muuza mkaa.

Geuza ile baiskeli uangalie chini chini, nyingi zina kistika kidogo kinasema haifai njia mbovu. Wenyewe waliotengeneza wanakwambia!

mwarusha_wa_zamani

Mimi nakuja na lisilopendwa. Kwa milioni mbili USINUNUE ya shokapu nyuma, chukua nzuri ya shokapu ya mbele tu.

Hesabu ni rahisi tu, hela ile ile, ila huku ukigawa kwenye fremu yenye viungo vinne vitano, shokapu ya nyuma, beringi kumi na kitu, kinachobaki cha breki na gia ni kidogo. Kwenye ya kawaida milioni mbili inakupa fremu nyepesi ya alumini, shokapu ya mbele ya hewa, breki za haidroliki (za oili), gia kumi nyuma na sahani moja mbele, tairi pana unaliendesha kwa upepo mdogo, na tairi pana lenye upepo mdogo ni nusu ya shokapu bila kulipia beringi. Mimi nimepanda na kushuka ile njia ya Kilema ya Kilimanjaro, ile wanayoruhusu baiskeli, hadi kambi ya Horombo mita 3,720, nyuma sina shokapu. Matako yaliuma ndio, ila nilifika na nilirudi na baiskeli haikudai hata nati.

Mgongo wako naona ni hiyo 26 ya gia 21 na bila shaka fremu ni ndogo kwako. Una urefu gani?

kijana_njiro

Futi sita kasoro kidogo mkuu. Fremu imeandikwa 17. Nimekusikia ila ukweli nautaka tu huo mzigo wa nyuma, hata kama ni tamaa hahaha

fundi_spoku

Mwarusha yuko sahihi kwenye hesabu, ila mtu akishataka shokapu ya nyuma hakuna maneno yatakayomtoa, mimi nawaona kila wiki hapa kibandani. Acha tumsaidie anunue vizuri.

Kanuni yangu ni moja, ya bei hiyo iwe used ya kampuni inayojulikana, na katika hela yako laki nne usiguse, ni ya kuitengeneza. Mtu akiwa na 2.0 anunue ya 1.6. Ukimaliza hela yote kwa muuzaji umeshanunua pambo.

Sasa hiyo Trance. Tairi 26 Ulaya hawaitaki tena tangu 27.5 na 29 zishike, ndio maana bei yake imeanguka, lakini kwetu huku ni neema, tyubu ya 26 unaipata hadi kwa mangi anayeuza maharage. Ya 27.5 unaweza kuzunguka mji mzima usiipate (ukibanwa tyubu ya 26 inaingia kwenye 27.5, nimefanya mara nyingi). Angalia tu kama valvu ni zile nyembamba, nunua adapta mbili uweke mfukoni maana pampu za mafundi wa baiskeli za Phoenix haziingii.

Ukienda kuiona fanya hivi. Simama pembeni, shika siti, nyanyua taratiiibu. Tairi la nyuma likiwa bado chini ukasikia "tok" kabla halijainuka, viungo au bushi za shokapu zimelika. Hiyo sio sababu ya kuikataa, ni sababu ya kushusha bei. Halafu shika tairi la nyuma juu ulisukume kushoto kulia huku umeshika fremu, sikilizia mchezo unatoka wapi, kama ni ya ekseli ni ndogo, kama ni pale fremu inapokunjikia ndio beringi.

Kisha ikalie. Bonyeza kwa uzito wako wote uachie. Irudi kwa utulivu, isikupige teke. Ikizama ikabaki huko chini au ikatoa sauti ya kunyonya nyonya kama mtu anakunywa chai ya moto, ndani oili na hewa zimechanganyika, hiyo shokapu inataka kufunguliwa na mtu mwenye vifaa, na hapa tuko wachache. Angalia ile shafti inayong'aa, ukipitisha ukucha ukakwama kwenye mkwaruzo, kimbia, au toa hela ya shokapu nyingine kwenye bei. Halafu tochi ya simu, pita kwenye weldi zote hasa pale shokapu inaposhikia fremu. Mstari wa nywele kwenye rangi ni ufa mpaka ithibitike vinginevyo.

Na hii watu wanaisahau, pima shokapu kutoka tundu hadi tundu, pima na urefu shafti inaotembea, uandike. Ukiwa na saizi ya kawaida, ikifa utaagiza used. Kuna makampuni yalijitengenezea shokapu za aina yao peke yao, ikifa hiyo umebaki na fremu ya kutundika ukutani.

Sijagusa breki, nitarudi, kuna mteja.

dada_kanyagio

Breki niachie mimi fundi maana niliumia. Kama ni Shimano za haidroliki zinatumia oili yao ya madini. Mimi nilimpelekea fundi wa pikipiki akaongeza oili ya breki za gari, siku mbili zilikuwa nzuri hatari, ya tatu raba za ndani zimevimba, lever haitoki. Soma kwenye kifuniko cha lever kabla mtu hajafungua. Wakiandika DOT, yaani hiyo ya gari, ndio weka DOT, wakiandika mineral usithubutu kuiweka.

kijana_njiro

Asanteni sana aisee. Na huyu mguu mmoja? Mnamkwepa kumjibu au mnaogopa?

fundi_spoku

Hahaha. Hiyo inaitwa Lefty. Sio kwamba mguu mwingine ulivunjika, ndivyo ilivyo, na ni kitu kizuri kweli kweli, haipindi, ndani inatembea kwa beringi za sindano. Shida ni kwamba habu ya mbele, kile kitovu cha tairi, ni yake peke yake, haiingiliani na kitu chochote unachokijua, na ukipasua rimu ukiwa Lushoto au Monduli hutoki na tairi la kuazima. Mwaka fulani mtu aliniletea moja, watoto wa mtaa walijaa kibandani wakidhani imeibiwa nusu. Kwa mtu anayeishi karibu na duka la vipuri vyake sawa. Kwako wewe hapana, na 2.1 haikuachii hela ya ukarabati.

mwarusha_wa_zamani

Kwa hilo tuko pamoja. Chukua Trance kama umeng'ang'ania, ila usitoe 1.7. Mzungu mwenye tiketi ya ndege hana muda, ukimfuata wiki ya mwisho anaongea lugha nyingine kabisa. Na omba akupe ile pampu yake ya shokapu, pampu ya kawaida haifiki ile presha na inamwaga hewa yote ukiitoa.

kijana_njiro

Wakuu narudi na mrejesho, jana nimeenda.

Nikanyanyua siti, TOK. Nikamwangalia mzungu, mzungu akaniangalia. Akasema ni kawaida. Nikanyanyua tena, tok. Nikamwomba ashike siti ajaribu mwenyewe, akakaa kimya. Shafti safi, ukucha haukwami. Ilirudi vizuri bila sauti. Fremu nimepiga picha za weldi zote kama daktari wa eksirei. Breki zimeandikwa mineral, dada asante. Gia tisa nyuma, sahani tatu mbele, cheni imechoka. Imeandikwa L, nimekaa miguu imenyooka vizuri, sijui kwa nini muda wote huu nilikuwa nakunja magoti kama niko kwenye bajaji.

Alianza 1.7, nikamwambia beringi, cheni, tairi la nyuma limekuwa kipara, tukaenda tukarudi mpaka 1.4 na pampu ya shokapu juu na helmeti ya mtoto wake ambayo sijui naipeleka wapi. Ndege yake Alhamisi.

Nimefungua kiungo kimoja jioni, beringi imeshika kutu haizunguki kabisa. Fundi zinapatikana wapi hizi?

fundi_spoku

Bei ya akili hiyo, hongera.

Beringi usiziite za baiskeli utauziwa bei ya baiskeli. Futa grisi usome namba ubavuni, itakuwa kama 6900 au 6001 au 6902, nenda duka lolote la beringi za mashine na magari uwape namba tu, mwishoni iwe 2RS yaani ina raba pande zote. Za kiwandani kwenye viungo mara nyingi gololi zimejaa hamna kikombe cha kuzitenganisha, zinabeba mzigo zaidi, za dukani zina kikombe lakini zinafanya kazi, utabadilisha mapema kidogo tu. Kabla hujaziweka ng'oa ile raba taratibu kwa ncha ya wembe, jaza grisi mpaka ikatae, rudisha. Usizigonge kwa nyundo juu ya raba, tumia bolti ndefu na washa mbili na soketi ya saizi ya nje, uvute polepole.

Halafu jambo moja nakuomba, usiipeleke kuosha kwa ile mashine ya presha ya magari. Masika ikianza kila mtu anatoka kwenye tope anapitia pale, maji yanaingia kwenye viungo na kwenye habu, mwezi mmoja unarudi kwangu. Ndoo, sponji, basi.

kijana_njiro

Nimeelewa. Na upepo wa shokapu niweke ngapi? Mzungu ni kama kilo 65 hivi, mimi nikiikalia inazama karibu yote.

mwarusha_wa_zamani

Usiulize namba ya mtu mwingine. Vaa viatu na mkoba wako wenye maji, sukuma ile raba ndogo ya kwenye shafti mpaka iguse silinda ya shokapu, egemea ukuta, kaa taratibu, shuka taratibu, pima raba imesogea kiasi gani. Unataka robo hivi au inayokaribia theluthi ya safari yake yote. Shafti ikiwa inatembea milimita 38 basi raba isogee kama 10 au 11. Imezidi ongeza upepo, imepungua punguza. Ukipata andika ile presha kwa makapeni ndani ya fremu, kila wiki mbili angalia maana inavuja kidogo kidogo yenyewe.

dada_kanyagio

Na saa zako uzihesabu. RockShox wanasema kila masaa 50 fungua sehemu ya hewa usafishe, na hao wengine hawako mbali na hapo. Kwa vumbi letu la huku mimi nafanya mapema zaidi.

Helmeti ya mtoto naichukua, wangu ana miaka saba. Jumamosi mnaanzia wapi?

kijana_njiro

Ilboru pale stendi ya bodaboda, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nitakuwa na ile ya zamani bado, hii mpya iko vipande vipande juu ya meza ya chakula na wife ndio kwanza ameingia.