Naomba ushauri: elektroni zinazojifanya fotoni

Hamjambo wenzangu, salamu za Mombasa. Tunaiga kwa kompyuta migongano ya viini vya madini ya risasi ya LHC (mashine kubwa ya CERN ya kugonganisha chembe), tukisaka chembe nyepesi za jamii ya aksioni, yaani chembe za kinadharia ambazo bado hazijaonekana: fotoni (chembe za mwanga) mbili zinaungana kuizaa, nayo inavunjika kuwa fotoni mbili. Tunabakiza fotoni zinazozidi GeV 2 (GeV ni kipimo cha nishati), tungamo la jozi ya fotoni likipita GeV 5, akoplanariti (kiasi ambacho fotoni mbili zinakosa kuelekeana kinyume kabisa) chini ya 0.01.

Kinachotusumbua ni jozi za elektroni na positroni (pacha wake wenye chaji chanya). Elektroni ikimwaga nishati mapema, njia yake (alama ambayo chembe yenye chaji huiacha ndani ya kitambuzi) hupotea, ikahesabiwa fotoni. Tukikataa kila tukio lenye njia, tunatupa pia fotoni halisi zilizogeuka jozi za elektroni na positroni ndani ya kitambuzi, na hizo tunazihitaji mno. Je, kiwango cha elektroni kuhesabiwa kimakosa kuwa fotoni tukipime kwa matukio yenye njia moja tu?