Datsun 240Z imeshuka Mombasa kutoka Nairobi, sasa inakohoa

Mwenye 240Z, Nyali
Wakuu, shikamooni. Nina gari, Datsun 240Z ya 1972, yenye kabureta (vichanganya mafuta na hewa) mbili za Hitachi. Ni ya marehemu baba. Aliipenda tangu 240Z iliposhinda Safari Rally 1971, ikarudia 1973. Nairobi ilikuwa inakwenda safi. Mwezi uliopita nimehamia huku, nikaishusha mwenyewe. Mpaka Mtito Andei hakuna neno. Kupita Voi ikaanza: nikikanyaga mafuta ghafla inasita, halafu inapiga "pah!" ndani ya kabureta. Nimefungua plagi zote sita, ncha zake nyeupe kama chokaa. Fundi mmoja ananiambia nizitupe hizi kabureta, anifungie moja ya pikapu. Roho inaniuma. Nifanyeje?

Fundi mstaafu
Marahaba mwanangu. Usizitoe! Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa yake nyepesi, ndiyo maana fundi wa kule alibana mafuta plagi zisiingie masizi. Huku pwani hewa ni nzito na mafuta ni yaleyale machache. Kwa sasa usiikimbize, utaunguza valvu.

Chini ya kila kabureta kuna nati inayozungushwa kwa vidole. Ipandishe taratibu mpaka mwisho, kisha ishushe mizunguko miwili na nusu, kote kuwili. Kushusha ni kuongeza mafuta. Washa, injini ipate moto sawasawa. Sasa inua pistoni ya kabureta, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani yake, kidogo mno, kama milimita 1, usikilize. Injini ikitaka kuzima, mafuta bado machache. Mlio ukipanda ukabaki juu, yamezidi. Ukipanda kidogo ukarudi, umefika. Rekebisha kidogo kidogo, upande mmoja kisha wa pili.

Dada wa gereji
Kaka, kabla ya nati fungua vile vifuniko vidogo vya juu ya kabureta uangalie oili, SAE 20. Ikikauka, pistoni inaruka haraka mno ukikanyaga, na gari inasita vilevile. Halafu sawazisha hewa: shika kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta. Mvumo uwe mmoja kote kuwili. Zikivuta tofauti, nati utazungusha mpaka jioni bure.

Mwenye 240Z, Nyali
Asanteni sana! Kabureta ya nyuma haikuwa na oili hata tone. Nati ya mbele ilikuwa imeshushwa mzunguko mmoja na robo tu, ya nyuma mmoja na nusu. Nimeanza na miwili na nusu, ya mbele nikaongeza kidogo. Leo asubuhi nimekwenda Mtwapa na kurudi, haijapiga hata mara moja. Plagi zimekuwa kahawia kama biskuti. Desemba naipandisha Nairobi, kwa hiyo nati nimezitia alama ya rangi nyeupe. Mzee, nikifika Voi nianze kubana, au nisubiri mpaka nyumbani?

Fundi mstaafu
Subiri ufike. Njiani italewa mafuta kidogo tu, haitaumia.